Kalavati limezolewa na maji, kila mtu anasema "liko kwenye kamati". Kamati ipi hiyo?

Cherehani Nne

Habarini wakuu. Naomba kueleweshwa na mtu aliyewahi kuwa ndani ya halmashauri, si wa kusikia kwa watu.

Mtaa wetu na mtaa jirani inatenganishwa na korongo. Palikuwa na kalavati la mabomba mawili, masika iliyopita likazolewa lote. Shule ya msingi iko ng'ambo. Kiangazi watoto wanashuka na kupanda korongoni kama mbuzi. Mvua ikinyesha inabidi wazunguke mpaka barabara ya lami, na huko bodaboda hawana huruma na mtu. Mimi nina cherehani nne kwenye fremu karibu na ukingo. Wateja wa upande wa pili wamepungua, lakini hilo nalihesabu dogo.

Tumefanya tulichoweza. Mkutano wa mtaa uliitishwa, tukakubaliana kuchanga. Mawe yapo, mchanga upo, sasa hivi nyasi zinaota juu yake. Mwenyekiti wa mtaa akasema suala amelipeleka kata. Mtendaji wa kata akasema limeshakwenda jiji, "liko kwenye kamati". Diwani nilimkuta msibani, akaniambia barabara siku hizi si za halmashauri, ni za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini Tanzania. Nikaenda TARURA, kijana mmoja mstaarabu kabisa akafungua kompyuta yake na kunionyesha kwamba njia yetu haimo kwenye orodha.

Sasa hiyo kamati ni ipi? Wanakaa akina nani, na lini? Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia? Na nitajuaje kama suala letu limefika kweli, au limelala kwenye droo ya mtu?

Jiji lenyewe silitaji maana leseni yangu ya biashara inakaribia kwisha muda.

Kijiwe cha Kahawa

Dada, uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024. Unaofuata ni 2029. Greda utaliona 2029, mwezi wa tisa hivi. Kwa sasa linda mawe yasiibwe.

Karani Mstaafu

Mwanangu Cherehani, huyo wa kijiweni anachekesha, lakini usimsikilize sana. Mimi sikuwa diwani wala mhandisi. Nilikuwa yule mama anayekaa pembeni ya meza na daftari, anayeandika wakati wengine wanaongea. Nimeandika mihtasari ya kamati toka enzi za mashine ya chapa mpaka waheshimiwa wakagawiwa vishikwambi. Nitakujibu kwa jinsi mambo yanavyoonekana ukiwa umekaa pale.

Halmashauri ya jiji inaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, nayo hufanya kazi kupitia kamati za kudumu. Ziko za UKIMWI na Maadili, lakini tatu ndizo zinazokuhusu wewe: ya Fedha, ambayo Meya ndiye mwenyekiti wake na hukaa kila mwezi; ya Uchumi, Elimu na Afya; na ya Mipango Miji na Mazingira. Hizi mbili za mwisho hukaa kila robo mwaka, kabla ya baraza la madiwani. Majina yanatofautiana kidogo kutoka halmashauri moja hadi nyingine, kazi ni ileile. Wanaopiga kura humo ni madiwani. Wataalamu huja kutoa taarifa na kujibu maswali, basi.

Korongo lako kwa asili ni la Mipango Miji na Mazingira: mitaro, taka, viwanja, urasimishaji, ujenzi holela, yote hupita pale. Ila kamati ile haina hela. Inaweza kukubali kwa moyo wote kwamba kivuko kinahitajika, ikapendekeza, halafu pendekezo likaenda kukutana na Kamati ya Fedha, ambako kila kata ina kivuko chake. Kwa hiyo anayekwambia "liko kwenye kamati" muulize kwa adabu: ipi, na kwenye ajenda namba ngapi. Akibabaika, jua halijafika.

Na kabla ya kamati kuna kikao ambacho watu hamkisikii, cha menejimenti, yaani Mkurugenzi na wakuu wake wa divisheni na vitengo. Wao ndio wanaoandaa kabrasha, lile fungu la karatasi za kikao. Diwani hujadili kilichomo kwenye kabrasha. Nimewaona waheshimiwa wengi wakilifungua kwa mara ya kwanza wakiwa wameshakaa kwenye kiti, chai mkononi, na kabrasha lenyewe nene la kuzuia mlango. Siwalaumu wote, maana mengine huwafikia jioni ya kuamkia kikao. Lakini suala lisilokuwa na ukurasa humo, hata diwani wako awe msemaji hodari kiasi gani, litasemwa kwa mdomo tu.

Hapo ndipo kwenye jambo lenyewe ninalotaka ulishike. Ajenda ya kikao chochote cha serikali unaijua: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari uliopita, YATOKANAYO, taarifa, na mwisho kabisa MENGINEYO. Wananchi na madiwani wapya hupenda Mengineyo, kwa sababu ni pa kusema lolote. Mambo mengi hufia hapo. Watu wamechoka, dereva anapiga honi nje, mwenyekiti anasema "mheshimiwa, tumekusikia", na mimi ninaandika: "Kikao kilipokea na kujadili kwa kina." Ukiona sentensi hiyo imesimama peke yake kwenye muhtasari wowote, jua imekwisha. Hakuna aliyepewa kazi.

Yatokanayo ni kinyume chake. Lililoazimiwa kikao kilichopita, likiwa na jina la mtu wa kulitekeleza, husomwa tena kikao kinachofuata, na mhusika husimama kujibu. Asipokuwa na jibu linaandikwa "bado", na robo nyingine anasimama tena. Kulikuwa na jalala moja nyuma ya soko, lilikaa kwenye Yatokanayo mpaka mkuu wa kitengo wa kwanza akahamishwa, na wa pili akalikuta limemsubiri. Halikuondolewa kwa sababu ya mapenzi. Mtu alichoka kusimama mbele ya madiwani wale wale na kusema "bado". Choo cha zahanati fulani kiliongelewa kwa uchungu mkubwa, diwani karibu alie, lakini kwenye Mengineyo. Nilipostaafu kilikuwa hakijajengwa.

Sasa TARURA. Diwani wako hakukudanganya, ila alikupa nusu. Wakala ule ulianzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, ukachukua barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Wahandisi walihama, na majalada yao, na magari. (Siku ile tulibaki na ubao wa mlangoni ulioandikwa "Mhandisi" na chumba kitupu.) Toka hapo kamati inaweza kumwalika meneja wa TARURA, kumsikiliza, kumkasirikia, lakini haimwamrishi. Hata hivyo halmashauri bado ina mapato yake ya ndani, na sehemu yake hutakiwa kwenda kwenye miradi ya maendeleo. Haikatazwi kutengeneza kivuko cha waenda kwa miguu. Ni suala la nani ameliombea, wapi, na lini.

Kuingia: baraza la madiwani ni la wazi. Nenda ukakae nyuma, usikilize, huruhusiwi kuongea. Kwenye kamati huingii. Mlango wako wewe ni mkutano wa mtaa na, kupitia mwenyekiti wako, Kamati ya Maendeleo ya Kata, hii WDC. Pale mwenyekiti ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Ukiniuliza mimi, kivuko chako kitajengwa au hakitajengwa kutokana na karatasi itakayotoka hapo, kabla hakijafika jiji. Kaombe kuuona muhtasari wa WDC ambamo suala lenu lilipita.

Zege na Nondo

Nakubaliana na mama Karani, naongeza upande wa kiufundi kwa sababu nimeshakaa kwenye meza ya makadirio.

Kamati haiwezi kupitisha "kalavati". Inapitisha kitu chenye michoro na makadirio ya gharama. Bila hayo mtaalamu atasema "tutafanya tathmini", na hiyo tathmini yenyewe inahitaji mafuta ya gari. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza liwe tathmini, si ujenzi.

Pili, mabomba mawili kuzolewa si bahati mbaya. Mara nyingi bomba linakuwa dogo kuliko maji ya korongo, taka za plastiki zinaziba mdomo, maji yanapanda juu ya tuta na kuanza kulila udongo upande wa kutokea. Mkirudisha mabomba yaleyale na mawe yenu, masika moja tu yanaondoka. Kama hakuna gari linalopita hapo, daraja dogo la waenda kwa miguu lenye nguzo imara pembeni litakuwa rahisi kuliko kalavati la magari, na kuta za mawe zikijengwa vizuri mawe yenu yatatumika humo. Mawe mliyokusanya yana thamani, yaandikeni kama mchango wa wananchi.

Kuhusu kutokuwemo kwenye orodha: fedha za Mfuko wa Barabara zinafuata mtandao wa barabara unaotambuliwa. Njia ya miguu ya korongoni haina namba, haimo kwenye ngazi yoyote ya barabara, kwa hiyo kwa mfumo ule haipo duniani. Kuiingiza inawezekana, inachukua muda. Nisingesubiri huko.

Cherehani Nne

Mama Karani shikamoo, na asante sana. Zege, asante.

Nimerudi na habari. Mtendaji wa kata kakataa kunionyesha muhtasari, kasema ni nyaraka za serikali. Ila mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa na nakala yake nyumbani kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi za harusi. Tumeusoma wote wawili. Suala letu limo. Liko MENGINEYO. Limeandikwa hivi: "Mwenyekiti alieleza changamoto ya kivuko. Kikao kilipokea na kujadili kwa kina." Nilicheka, halafu nikakaa kimya.

Kuna jambo jingine limenitia hofu. Afisa mmoja wa mazingira kamwambia mwenyekiti tusichochee sana habari ya korongo, kwa sababu kuna sheria ya mita 60 na nyumba za ukingoni zitapigwa alama ya X, ya kubomolewa. Fremu yangu iko ukingoni. Kweli hiyo sheria ipo, au ni vitisho?

Mwana wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma hii mada nikaona ndugu zetu mna shida ile ile, milango tu ndiyo tafauti. Huku kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 196, yasema bunge la kaunti lifanye kazi zake kwa uwazi, na vikao vya kamati zake viwe mbele ya wananchi. Kwa hivyo mtu aweza kuingia kwenye kamati ya uchukuzi na miundombinu akakaa akasikiza. Tena waweza kupeleka ombi rasmi la maandishi kwa bunge la kaunti, nalo huwa lapelekwa kwa kamati.

Lakini msije mkatuonea wivu bure. Mlango uko wazi, pesa hazimo chumbani. Wawakilishi wa wadi Mombasa ni 30, na kila mmoja aja na mtaro wake. Na ule mchezo wa "hii si barabara yetu" tunao pia: hii ya kaunti, hii ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), hii ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), na maji ya mvua hayasomi ubao. Hilo la Yatokanayo nimelipenda, nitalijaribu huku kwetu kwenye kikao cha wadi.

Kijiwe cha Kahawa

Mfuko wa rambo na kadi za harusi 😂 Hapo ndipo masijala ya kweli ya mtaa ilipo. Mama Karani nimeongeza sukari kwenye kahawa yako, endelea.

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kijiwe, sukari mimi nimekatazwa.

Nianze na hofu yako. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zenye kuweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kama korongo la msimu linahesabiwa mto, hapo ndipo wanasheria na maafisa hubishana, na ubishi huo huwa haumsaidii mwenye nyumba siku ya X. Kwa hiyo afisa hakukutisha kwa uongo. Lakini kivuko cha umma na fremu yako ni mambo mawili, na ukilikaa kimya korongo halitapungua upana, litaendelea kula ukingo mpaka likufikie bila karatasi yoyote. Mkiomba, ombeni kivuko na kuta za kuzuia mmomonyoko kwa pamoja. Hapo mnakuja kama watu wanaolinda korongo, si wanaolivamia. Mnajua wenyewe nani ana nyumba pale. Ongeeni nao kabla, wasije wakasikia kwa mgambo.

Muhtasari: mtendaji hana sababu ya kukunyima. Mkutano wa mtaa unaweza kudai kusomewa kilichoamuliwa kata kuhusu mtaa huo. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, lakini mimi ningeiweka akiba. Ukianza na sheria, mtendaji ataanza na sheria, na yeye ana mhuri.

Fanyeni hivi. Sisi makarani huhesabu mwaka kuanzia Julai. Mawazo ya bajeti hutoka mitaani na katani miezi ya mwisho ya mwaka, kamati na baraza huyapitia kwenye Januari na Februari, yanakwenda mkoani, kisha Dodoma. Ombi likija Machi, hata liwe zuri, linaambiwa lisubiri mwaka wa fedha mwingine. Mengi mnayodhani yamekataliwa hayakukataliwa, yalichelewa.

Mwenyekiti wako aende kwa mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo. Suala likiletwa na mitaa miwili kwenye WDC diwani hawezi kuliita la mtu mmoja, na bila shaka wa ng'ambo nao wana watoto, wana wagonjwa, wana maiti za kuvusha. Wasimwandame diwani msibani tena. Wamwendee mapema, wamwombe suala liwe ajenda kamili. Diwani huyo huyo ndiye atakayesimama kwenye baraza siku ya kuwasilisha taarifa za kata. Mkimwaibisha katani atakuwa bubu kule. Mbunge naye msimsahau. Ni mjumbe wa baraza, na upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Kazi ndogo zilizoshaanzwa na wananchi ndizo zinazopendwa mle. Mawe yenu yenye nyasi yatakuwa na faida hapo, yapigeni picha.

Mmeniuliza kwa faragha maneno ya kuandika. Nayaweka hapa ili na wengine wayatumie. Wajumbe wamwombe katibu aandike neno kwa neno:

"AZIMIO: Mtendaji wa Kata awasilishe kwa Mkurugenzi wa Jiji, ndani ya siku 14, maombi ya tathmini na makadirio ya gharama za kivuko cha waenda kwa miguu na kuta za kuzuia mmomonyoko katika korongo lililopo kati ya mitaa hii miwili, pamoja na orodha ya mchango wa wananchi uliokwisha kukusanywa. Majibu yaletwe kwenye kikao kijacho."

Angalia: yuko mtu, iko kazi, uko muda, na ule mstari wa mwisho ndio unaolirudisha kwenye Yatokanayo. Katibu akitaka kufupisha, akataliwe kwa upole. Muhtasari ukishachapwa, kikao kinachofuata kabla haujathibitishwa mwenyekiti wako ausome mwenyewe, maana maneno hupotea kati ya daftari na kompyuta. Najua, nilikuwa hapo katikati.

Barua ikishaandikwa msimwachie mtendaji peke yake. Mmoja wenu asindikize nakala mpaka masijala ya jiji, igongwe mhuri wa kupokelewa mbele yake, na namba ya kumbukumbu iandikwe. Robo inayofuata diwani akiinuka, amtajie Mkurugenzi namba hiyo na tarehe ya ule mhuri.